Gogo la Mashariki

Wazungu walitaka kujua afya ya madaraja yao, kwa hiyo wakanipa nyundo. Kwa miaka sita hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwenye barabara ya Kindu kwenda Kibombo: kuyagonga magogo na kuyasikiliza. Gogo zima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Gogo lililooza hujibu kwa sauti nzito inayozama humo humo, na ukiligonga mara ya pili linatema vumbi la mchwa. Hapo hakuna uchawi. Mtu yeyote mwenye masikio na subira angeweza kuifanya kazi ile, ila Wazungu hawakuwa na subira, na yule niliyepewa mimi hakupenda kulowesha viatu.

Tulimwita Bwana Kitambaa kwa sababu alijifuta shingo mchana kutwa. Jina lake la kweli nalijua, lakini sina haja nalo. Yeye alisimama juu ya daraja na daftari lake, mimi nikiwa chini, maji yamenifika kiunoni. Nagonga, nasema "nzima" au nasema "imekufa", naye anaandika. Daftari lilikuwa na safu zake: namba ya daraja, jina la mto, urefu, aina ya mti, hali, kazi inayotakiwa. Mwaka wa hamsini na sita tulipitia madaraja arobaini na matatu, na kumi na tisa kati yake yalikuwa mabaya. Mimi nilidhani mtu akishaandika kwamba kitu ni kibovu, kinachofuata ni kukitengeneza. Nilikuwa mjinga. Kuandika ndiko kulikuwa kazi yenyewe.

Daraja la kumi na moja lilikuwa juu ya mto Lukumbi, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kindu. Lilikuwa na magogo matano ya mvule yaliyolala kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake mbao zilizopigwa misumari. Magogo manne yalikuwa mazima. La tano, lile la pembeni upande wa jua kuchomoza, lilikuwa limekufa kabisa. Ungeweza kuchomeka kidole ndani yake. Tulizoea kuliita gogo la mashariki. Magari hayakuligusa, kwa kuwa magurudumu hupita juu ya magogo ya kati. Walioligusa ni watu wa miguu, ambao siku zote hukaa pembeni, kwa kuogopa magari na kwa kuogopa wenye magari.

Mwezi wa tatu Bwana Kitambaa aliandika kwamba gogo lile libadilishwe. Mwezi wa nane aliandika hivyo hivyo tena, kwa mwandiko mzuri zaidi. Mwezi wa kumi, mimi na Tambwe tuliziondoa mbao tatu zilizooza juu yake kabla hazijamvunja mtu mguu. Likabaki pengo pale pembeni, refu kama mtu aliyelala na pana kiasi cha hatua moja. Chini yake ulikuwa mto wenye mawe, na masika yalikuwa yameshaujaza.

Tambwe alikuwa mlinzi wa kipande kile cha barabara, kantonye kama walivyoitwa. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kuzibua mifereji na kutukanwa. Alikuwa mtu mzima kunishinda, nikimwita yaya, kaka mkubwa kwa lugha yetu, na alikuwa na maneno ya kuchekesha hata mtu akiwa na njaa. Yeye ndiye aliyekata tawi bichi na kulilaza mbele ya pengo, kila upande wa daraja tawi moja. Kwetu tawi bichi likilazwa njiani, mtoto wa miaka mitano anajua: hapa usipite. Hakuna haja ya daftari.

"Hii njo barua yangu," Tambwe aliniambia. "Haina timbri ya posta, lakini watu wote wanaisoma."

Sasa niseme habari za nyumbani, maana bila hizo hamtaelewa nilichokifanya.

Mke wangu Odile alikuwa mtaa wa Mikelenge, pale Kindu, kwenye nyumba yetu, amejifungua wiki sita nyuma. Mtoto alikuwa wa kiume, tukamwita Donatien. Alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walikufa, mmoja akiwa na miezi miwili, mwingine hakufika hata hapo. Na shangazi zake Odile walijua sababu, kwa kuwa shangazi hujua sababu ya kila kitu. Walisema ni mimi. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hasemi naye, hatamki jina lake, mpaka siku atakapompa mbuzi wa kufungua kinywa. Ukimwona njiani unatoka njiani. Unaingia majanini, unageuza uso, unangoja apite. Ukiivunja heshima hiyo, anayeilipa si wewe, ni mtoto wako.

Mimi niliivunja. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeoa, na siku moja sokoni Kibombo niligeuka na mzigo wa chumvi nikajikuta uso kwa uso naye. Maneno yakanitoka: "Jambo, mama." Maneno mawili tu. Yeye alijifunika uso na kitambaa chake akaenda zake. Mtoto wa kwanza alipokufa, shangazi waliyakumbuka maneno hayo mawili. Wa pili alipokufa, hawakuhitaji hata kuyataja. Waliniangalia tu.

Kwa hiyo huyu wa tatu nilikuwa nimemfungia mbuzi kabla hajazaliwa. Beberu mweusi, mnene, mwenye ndevu kama za padri. Mama mkwe alikuwa ametuma neno kwamba atakuja Ijumaa kumwona mjukuu, na Jumapili mbuzi angetolewa mbele ya watu. Baada ya hapo ningeweza kumsalimia kama binadamu anavyomsalimia binadamu. Mtanicheka, lakini nililitamani jambo hilo kuliko nilivyotamani kazi mpya. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Nilitaka kukaa na mama huyu tukala pamoja, nimwambie, mama, ile siku ya soko sikukusudia.

Jumatatu ya wiki hiyo Bwana Kitambaa alikuja kwa gari mpaka Lukumbi. Alishuka, akaliangalia pengo, akajifuta shingo.

"Onema, hii tundu iko mubaya sana. Mukubwa ya Bukavu napita Jumatano. Funika."

"Tufunike na nini, Bwana? Mbao hakuna."

"Weka fito, weka majani ya ngazi, weka udongo juu. Piga chokaa. Gari ya mukubwa napita katikati, hapana pita kule."

"Na watu ya miguu, Bwana?"

"Watu iko na macho."

Kisha akaliona tawi la Tambwe. Alilisukuma kwa kiatu mpaka likaanguka mtoni, akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo. "Hii uchafu hapana barabarani," alisema. Tambwe alikuwa amesimama kando amevua kofia. Gari lilipoondoka aliirudisha kichwani akasema, "Macho tuko nayo. Lakini udongo njo kazi yake, kufunika macho."

Alicheka. Mimi pia nilicheka. Tulikuwa tumezoea kucheka mambo kama hayo, na leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi.

Na kazi tuliifanya vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni seremala, sijui kufanya kazi ovyo. Nililaza fito juu ya pengo, nikapanga yale majani ya ngazi, yaani ya mchikichi, mara tatu, tukamwaga udongo mwekundu na kuushindilia kwa miguu, tukanyunyiza maji, tukaulainisha kwa ubao. Ukisimama hapo usingejua kwamba kulikuwa na pengo. Halafu tukachora mistari miwili ya chokaa, mmoja kila upande, dereva wa mkubwa aione njia yake ya katikati. Tambwe alisema daraja limekuwa kama bibi harusi. Fito zile zilikuwa nyembamba kama mkono wa mtoto, na chini yake hapakuwa na kitu cha kuzishika ila lile gogo lililokufa.

Wenyeji wa vijiji vya jirani walituona tukifanya kazi, wakajua. Hao hawakunitia wasiwasi. Nilijiambia kwamba mkubwa akishapita tu, tutafukua udongo na tawi litarudi. Ilikuwa shughuli ya siku mbili. Nani angepita siku mbili hizo asiyelijua daraja?

Jumatano asubuhi mvua ilinyesha ikakatika. Msafara ulitarajiwa kutoka Kindu kabla ya saa sita. Tambwe alikwenda kusimama kwenye kona, upande wa Kindu, na kitambaa cheupe cha kunipungia magari yakionekana. Mimi nilibaki darajani. Mvua ilikuwa imefuta chokaa hapa na pale, kwa hiyo nilirudia mistari. Nilipomaliza nilivua nguo zangu, nikabaki na kipande cha kitambaa kiunoni, nikashuka ukingoni upande wa Kindu, magharibi ya daraja, kuosha ndoo na kujiosha mwenyewe. Nilikuwa na chokaa mpaka kwenye nyusi.

Nilipanda ukingo nikiwa na nyundo mkononi, kwa kuwa siiachi chini mahali penye watu wengi wanaopenda nyundo. Nikainua macho.

Upande wa pili wa daraja, upande wa Kibombo, alisimama mwanamke mzee. Kikapu kikubwa kilikuwa mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, shingo imeinama mbele kama tunavyojua wanawake wetu wanavyobeba. Juu ya kikapu kulikuwa na kuku wawili waliofungwa miguu. Sikuhitaji kuangalia mara mbili. Ilikuwa Jumatano, naye alikuwa amesema Ijumaa, lakini bibi gani anaweza kukaa kitako akingoja Ijumaa wakati mjukuu wake ana wiki sita?

Nataka kueleza vizuri kilichotokea, maana nimeulizwa na watu wengi na wengine hawakuniuliza kwa wema.

Sikufikiri. Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Nilikuwa uchi nusu, nimepakaa chokaa, na aliyekuwa mbele yangu ndiye mtu ambaye sauti yangu kwake ilikuwa imeshazika watoto wawili. Nilirukia majanini, nikainama nyuma ya vichaka vya ukingo ule, nikampa mgongo. Nikasema moyoni, Donatien, baba yako hakukosea mara hii. Nililisema kwa furaha. Ndiyo, furaha, sitaficha.

Ndipo kichwa kikafika. Nikakumbuka gogo.

Niligeuka. Alikuwa ameshaanza kuvuka. Na yeye alikuwa ameniona. Alikuwa ameona mwanamume akirukia majanini, na mwanamume anayekimbia hivyo mbele ya mwanamke mzee ni mkwe wake tu, hakuna mwingine. Kwa hiyo na yeye akafanya kilichompasa. Aliuvuta upande wa kitambaa chake akafunika upande mmoja wa uso, ule wa kwangu. Akageuza kichwa mashariki. Akaniepuka, akasogea mbali nami kadiri daraja lilivyomruhusu, akauvuka mstari wa chokaa, akaanza kutembea haraka pembeni kabisa, kwenye ule udongo mzuri, laini, nilioulainisha mwenyewe kwa ubao.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kilichotoka sikijui, hakikuwa neno. Fito zikalia, kama kuni mtu anapozivunja kwenye goti, na kikapu kikazama kwanza kwa sababu ya uzito, kikamvuta na yeye kwa kichwa.

Niliruka mtoni. Maji yalikuwa mengi lakini si ya kumshinda mtu mzima. Yaliyomuua si maji, ni mawe. Nilimkuta amekwama kati ya jiwe na kipande cha lile lile gogo la mashariki, mkanda wa kikapu umemzunguka shingoni. Niliuvua. Nikamnyanyua mikononi, mimi ambaye sikuruhusiwa hata kuona kivuli chake, nikampandisha ukingoni. Alikuwa mwepesi. Mpunga mpya ulikuwa umemwagika kwenye nywele zake.

Tambwe alikuja mbio, kitambaa cheupe bado mkononi. Alipotuona alisimama.

Mama alifungua macho. Akaona ni nani aliyembeba. Na mkono wake, ule uliokuwa bado unafanya kazi, ukaanza kutafuta kitambaa, ukakipata, ukakivuta juu ya uso wake. Alikuwa anakufa na bado alikuwa ananiheshimu. Kisha akasema, chini ya kitambaa, si kwangu:

"Baba, ambia mukwe wangu aniweke chini. Si vizuri hivi."

Tambwe alinigeukia. "Anasema umuweke chini."

Nilimlaza kwenye majani. Nilipiga magoti kando, nimempa mgongo.

"Baba," alisema tena, "muulize mukwe, mutoto ananyonya?"

"Anauliza kama mutoto ananyonya."

"Mwambie ananyonya sana," nilisema. "Mwambie usiku na muchana."

"Anasema ananyonya sana, mama. Usiku na muchana."

Tulikuwa hatua moja mbali, watu watatu. Angeweza kuhisi pumzi yangu. "Aksanti," alisema kwa Tambwe, na mimi nikalipokea hilo neno kama lilikuwa langu. Hakusema tena. Tulingoja, na baada ya muda Tambwe akamwekea kiganja kifuani akakiondoa.

Magari yakapiga honi kwenye kona.

La kwanza lilikuwa la Bwana Kitambaa, aliyetangulia kuhakikisha njia. Alishuka, akaliona pengo, akatuona sisi. Ni kweli alipauka. Sitasema hakuwa na moyo. Lakini moyo wake ulikuwa na dakika kumi tu. Alituamuru tumwingize mama majanini, mbali na barabara. Kisha akatoa turubai kwenye gari lake, akaniambia nilitandike juu ya pengo na kulimwagia udongo. Nilikuwa bado na kitambaa kiunoni, na maji yananichuruzika.

"Upesi, Onema. Upesi, tafazali."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno hilo. Na mimi nikatandika. Nikamwaga udongo. Nikaulainisha. Mikono ikiifanya kazi yake, mimi sikuwapo. Magari manne yalipita katikati ya mistari ya chokaa, polepole, na kwenye la pili mtu mmoja mwenye kofia nyeupe alituangalia mimi na Tambwe tuliosimama kando, akainua vidole viwili kutusalimia. Baadaye tuliambiwa kwamba aliisifu barabara.

Kulikuwa na karatasi ya kujaza, bila shaka. Bwana Kitambaa alikuja jioni ile akaniuliza jina la marehemu. Nikamwambia siwezi kulitamka. Akadhani silijui, au namficha. Tambwe hakulijua. Kwa hiyo aliandika "mwanamke mmoja mzee", na akaandika kwamba alitembea nje ya mstari. Huo mstari nilikuwa nimeuchora mimi. Kwenye daftari la madaraja, namba kumi na moja, safu ya hali, alikuwa ameandika "lapitika". Gogo jipya lilikuja baada ya miezi minane, nikalilaza mwenyewe.

Usiku huo hatukulala, wala sitausimulia. Nitasimulia tu alichoniambia Tambwe tulipokuwa tunafunga machela ya kumbeba. Kuku mmoja alikuwa ameokoka, amekwama kwenye jiwe, anapiga kelele. Tambwe alimleta, akamweka miguuni pangu. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba:

"Onema, mbona haukuambia kuku?"

"Nini?"

"Weye unajua desturi. Muntu hasemi na mukwe, lakini anaweza kusema na kitu kingine, mukwe akasikia. Baba yangu alisema na mbwa miaka kumi na mbili. Ungeambia kuku: kuku, mwambie mama apite katikati. Ungeambia nyundo. Ulikuwa nayo mukononi."

Nilikuwa nayo mkononi. Na nililijua hilo. Kila mtu kwetu analijua. Hata mimi mwenyewe, nilipomwoa Odile, niliwahi kuuambia mlango habari niliyotaka mama aisikie, na watu wakacheka. Desturi ilikuwa imeniachia njia. Haikuwa desturi iliyomuua. Kama ningekuwa na utulivu wa pumzi moja, moja tu, ningeuambia mti, ningeliambia lile daraja lenyewe.

Tambwe alijuta kulisema. Nilimwona. Lakini neno likishatoka halirudi, nami namshukuru kwamba alilisema yeye, mtu anayenipenda.

Tulifika Mikelenge kesho yake mchana. Odile alilia kama mtoto anavyolia, akiwa amelala chini. Shangazi walimshika. Siku ya tatu, baada ya maziko, alinikuta nyuma ya nyumba, mtoto yuko kifuani.

"Ulimuona?" aliuliza.

"Nilimuona."

"Naye alikuona?"

"Aliniona."

"Hamukusemezana?"

"Hatukusemezana."

Alimhamishia mtoto titi la pili. Alichukua muda mrefu kumweka sawasawa. "Muzuri," alisema. "Basi mutoto atapona."

Hakuniangalia aliposema hivyo, na kwa miaka tuliyokaa pamoja baada ya hapo sikumbuki kama aliwahi kuniangalia vizuri. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu. Donatien alipona, ndiyo. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake, ana meno yote. Shangazi walikufa wakiamini kwamba nilifanya vema.

Beberu alikuwa bado amefungwa. Siku ya kumaliza matanga dada wa marehemu, aliyekuja kutoka kwao, alisema mbuzi wa kufungua kinywa alishatengwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo hakuachilia haki yake kwa kufa. Tukampeleka kaburini. Mvua ilikuwa imekaa mawinguni tangu asubuhi. Mbuzi alichinjwa, damu ikaingia kwenye udongo mwekundu ule ule, na yule mama akanishika mkono akaniketisha karibu na kichwa cha kaburi.

"Kinywa kimefunguka, mukwe," alisema. "Sasa hakuna tena kizuizo. Sema naye."

Odile alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miaka mingi: jambo, mama; ile siku ya soko sikukusudia; karibu nyumbani, mama, kula. Niliyatafuta na hayakuwapo. Lilikuwapo moja tu, lile la Jumatano, limekaa kooni tangu siku ile, nami nikalisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mama, hapana pita kule! Pita katikati!"